Wazee Thelathini na Tisa na Kiatu cha Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza daftari jipya. Lile la zamani limejaa hali ya hewa na malalamiko kuhusu mwalimu wa jiografia. Humu nitaandika mambo mazito tu. Mwalimu wa historia asiyeweka kumbukumbu zake mwenyewe ni sawa na kinyozi mwenye nywele mpaka mabegani.

Na jambo zito limekuja leo leo. Mwalimu Mkuu ameniita ofisini. Huyu nilimfundisha mimi, enzi zile akiwa darasa la saba, nikampa arobaini na moja kwa mia. Hajasahau. Aliniamkia kwa heshima zote, akanivutia kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Nikajua tu. Mkubwa wako wa kazi akikuvutia kiti, kaa tayari.

Kumbe historia inafutwa! Haifutwi, alisema, inaunganishwa. Vipindi vyangu vinne vya wiki vitatiwa ndani ya jiografia na vitafundishwa na mwalimu wa jiografia, kwa sababu kwangu watoto wanalala. Mimi nitapewa stoo ya vitabu. Alisema nitakuwa na ufunguo wangu mwenyewe. Alilisema hilo la ufunguo kama mtu anayempa mtoto peremende.

Nikauliza kama imeshaamuliwa. Akasema bado. Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 13, anakuja mkaguzi, na ataingia darasani kwangu kipindi kizima. Akiona historia ina uhai, vipindi vyangu vinabaki. Asipouona, stoo.

Siku kumi! Nchi nzima ilipiganiwa miaka na miaka, mimi nimepewa siku kumi.

Nimerudi nyumbani, nimepika, nimekula nikiwa nimesimama. Niseme kweli, maana daftari hili halisomi mtu ila mimi. Stoo ile haina dirisha, na hilo naliweza. Haina watu. Vile vipindi vinne ndizo saa pekee za wiki nzima ambazo nikisema neno kuna mtu anaitikia, hata kama ni "ndiyo mwalimu" ya usingizini.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kumpunguza adui nguvu.

Mwalimu wa jiografia ana tufe la dunia lenye taa ndani. Anafunga mapazia, anawasha, bahari zote zinang'aa, na darasa zima linasema aaah. Mimi ninaingia na picha za wapigania uhuru zilizofifia mpaka haijulikani nani ni nani. Hajawahi kusema mtu aaah.

Leo wakati wa mapumziko, alipokwenda kunywa chai, nililifungua tufe nikachomoa balbu. Nikaitia mfuko wa nyuma wa suruali. Kengele ikalia. Nikaenda darasani kwangu kwa mwendo wa mtu asiye na hatia. Nikakaa.

Sitaeleza zaidi. Muuguzi wa shule alinitoa vipande vitatu kwa kibano, akauliza nimefanyaje, nikasema ni ajali ya kazi. Mwalimu wa jiografia alinipa pole na akaniletea mto wa kukalia. Mnafiki mkubwa!

Tufe lina balbu ya akiba.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya simu. Mama Watoto alikwenda kwa binti yetu kumsaidia kulea mtoto mchanga. Wiki sita tu, alisema. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Mchanga mwenyewe sasa anatembea, ana meno, na wiki iliyopita alishika simu akauliza huyu nani.

Hupiga kila Jumatano saa kumi na moja jioni. Nilimweleza yote, tangu kiti mpaka ufunguo. Nilipofika kwa mkaguzi nikasikia bomba la maji linafunguliwa, kisha sufuria, kisha kisu juu ya ubao. Kumbe simu ilikuwa mezani peke yake! Nikaendelea kuongea na meza. Nitafanyaje? Mwisho akarudi, akasema haya Baba Watoto, ule vizuri. Nikamuuliza atarudi lini. Akasema mtoto bado mdogo.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, nikiwaza jinsi mimi nilivyo mtu wa kusikilizwa na meza. Ndipo wazo likanijia! Watoto hawamsikilizi mwalimu. Lakini bibi yake mtoto, nani atathubutu kutomsikiliza? Kila mwanafunzi aende kwa mzee wa kwao, amuulize aliona nini Siku ya Uhuru, aandike ukurasa mmoja. Kurasa arobaini. Nizibandike kuta zote nne. Mkaguzi akifungua mlango akutane na historia kutoka sakafuni mpaka darini. Nitaiita Sauti za Wazee.

Nimecheka peke yangu jikoni. Mpaka jirani amegonga ukuta.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewapa kazi ile. Walinitazama kama nimewaambia wahamishe mlima. Kiranja akauliza waandike nini. Nikasema anachosema mzee. Akauliza, na mzee akisema nini ndiyo sahihi?

Swali zuri. Mwalimu mzoefu hamwachi mtoto gizani. Nikachukua chaki nikawaandikia mfano. Sasa, mimi sikuwahi kuwa na bibi aliyeiona bendera. Bibi zangu wote wawili walitangulia mbele ya haki kabla ya siku ile. Ikabidi nimtunge:

"Bibi yangu alikuwa na umri wa miaka tisa. Siku ya Uhuru alivaa gauni la bluu. Umati ulikuwa mkubwa hata akapoteza kiatu cha kushoto. Hakuona kitu, kwa kuwa alikuwa mfupi. Ndipo mzee mmoja asiyemjua akambeba mabegani, akamwambia, tazama mwanangu, usisahau maisha yako yote. Bendera ikapanda. Bibi alilia kwa furaha. Mpaka leo hajanunua kiatu kingine kama kile."

Kusema haki, niliandika! Sauti ilinikatika nikiwasomea. Nilijiona kabisa nimebebwa juu ya yale mabega, na mtu ananiambia nisisahau.

Watoto waliandika kimya, vichwa chini. Sheria yangu ya kwanza, miaka ishirini na miwili sasa, ni moja tu: kilichoandikwa ubaoni kiandikwe daftarini, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Anayeruka nukta anakosa mapumziko. Ndiyo maana madaftari ya darasa langu yanafanana yote, na ndiyo fahari yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesikia watoto wakiniita Tarehe. Tarehe anakuja, Tarehe kachoma suruali. Nimefurahi. Ni jina la heshima.

Mwalimu wa jiografia ameuliza kama nahitaji msaada wa kubandika. Anapeleleza. Nikamjibu kwamba historia ya nchi hii haikuandikwa kwa msaada wa watu wa ramani. Akasema sawa, akaenda zake. Kisha nikakumbuka kwamba sina pini.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda dukani. Muuza duka akaniuliza ninataka nini, nami nikaanza kumsimulia ule mkutano wa kwanza wa wapigania uhuru, jinsi walivyokaa kwenye chumba kimoja bila kiti hata kimoja. Alikuwa anasikiliza vizuri! Halafu watu wa foleni wakaanza kuguna. Nikanunua kiberiti. Sasa ninavyo kumi na vinne.

Mchana nilifua shati. Moja. Nyumba ina viti vinne na mimi nakalia kile kile.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kukusanya. Wote arobaini wameleta! Haijawahi kutokea tangu nianze kufundisha. Nilibeba mzigo ule mpaka nyumbani nimeukumbatia kifuani.

Nikachemsha chai, nikakaa, nikafungua wa kwanza. Bibi yake alikuwa na umri wa miaka tisa. Alivaa gauni la bluu. Alipoteza kiatu cha kushoto. Nikatokwa na machozi, nikawaza, lo, kumbe mambo haya yalitokea kweli!

Nikafungua wa pili. Bibi wa pili naye gauni la bluu. Nikasema, labda ndiyo nguo iliyokuwa sokoni wakati ule.

Wa tatu. Kiatu cha kushoto.

Wa saba alikuwa babu. Babu yangu alikuwa na umri wa miaka tisa. Siku ya Uhuru alivaa gauni la bluu.

Chai ikapoa. Nikafungua zote. Thelathini na tisa, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Hakuna aliyeruka hata nukta moja! Sijawahi kufundisha darasa lenye nidhamu namna hii, na sijawahi kupata balaa kubwa namna hii.

Wa arobaini ni yule msichana wa dawati la nyuma karibu na mlango, ambaye mimi humwita Kimya kwa kuwa sijawahi kusikia sauti yake. Kwake hakuna gauni wala kiatu. Nanakili hapa kama ushahidi wa uzembe:

"Bibi alisema Siku ya Uhuru hakuona chochote. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumba nzima walikwenda uwanjani, yeye akaachwa amwangalie mdogo wake mwenye homa. Alisikia kelele za watu kwa mbali. Akatoka mlangoni. Barabara ilikuwa tupu, hata mbwa hakuna. Akarudi ndani akamwambia mdogo wake, tumekuwa huru. Mdogo wake akaomba maji. Akampa. Wakakaa wakisubiri mtu aje awaambie ilikuwaje."

Basi, kwisha! Hakuna bendera, hakuna umati, hakuna hata tarehe! Nimempa tatu kwa kumi. Moja ya mwandiko, mbili za huruma.

Jumanne, 11 Machi

Nimewaambia darasa kuna hitilafu ndogo. Kiranja akasema jioni hii wanaweza kwenda kuwauliza wazee kweli kweli, wengine wanao nyumbani, hawana kazi, wanapenda kuongea. Nikamkatalia. Muda wenyewe umekwisha, na mzee ukimwachia aongee tu hakumbuki tarehe, anaanza habari za mbuzi. Mkaguzi hakuja kusikiliza mbuzi.

Nina njia bora. Nimerudi nyumbani saa nane, nimezipanga kurasa thelathini na tisa juu ya meza, juu ya viti na juu ya kitanda, nikashika kalamu nyekundu. Mmoja nikampa gauni la kijani, mwingine la manjano. Babu nikamvalisha suruali. Huyu nikampotezea kiatu cha kulia, yule kofia, yule mwavuli, yule jino. Mmoja nilimpotezea mbuzi ili nisionekane nina upendeleo. Umri nikaugawa kuanzia minne mpaka kumi na tisa.

Nikawa naongea nao. Wewe mama, nikawaambia, wewe wa mwavuli, sogea kidogo mwenzio apite. Nyumba ilijaa watu! Mpaka saa kumi na mbili nilikuwa sijakumbuka kuwasha redio, ile ninayoiwashaga ili pawe na sauti ndani.

Nilipozikusanya kurasa ili nipate pa kulala, chumba kilikuwa kikubwa kupita kawaida.

Jumatano, 12 Machi

Vipindi viwili vizima watoto wamenakili upya. Baada ya shule nimebaki kubandika. Sina pini, ukumbuke. Mwalimu wa jiografia akapita mlangoni, akanitazama niko juu ya meza nimeshika karatasi kwa meno, akaondoka, akarudi na pini boksi zima. Akanishikia meza mpaka mwisho. Hakusema neno baya hata moja. Sijui anapanga nini.

Ukurasa wa Kimya sikuuacha. Arobaini ni arobaini, mkaguzi atahesabu. Nimeubandika nyuma ya mlango, na mlango nitauacha wazi, ubanwe na ukuta. Nani atafunga mlango kwenye joto hili?

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Mama Watoto alipiga, mimi nikiwa juu ya meza. Nimempigia mara nne. Haipokelewi. Labda anamwogesha mtoto.

Alhamisi, 13 Machi

Mungu wangu.

Niandike kwa utaratibu. Mkaguzi ni mzee mrefu, mkimya, ana kalamu mbili mfukoni. Aliingia na Mwalimu Mkuu. Watoto wakasimama, wakaamkia kwa sauti moja, wakakaa. Nikaanza somo. Yeye hakukaa. Akaanza kusoma ukuta.

Akasoma wa kwanza. Akasoma wa pili. Akasoma kumi. Nilimwangalia mgongo wake huku nikitaja tarehe, na tarehe zenyewe zilikuwa zinatoka kinyumenyume. Akamaliza ukuta wa kulia, akaanza wa nyuma. Nikasema moyoni, mavazi nimebadilisha, viatu nimebadilisha, umri nimebadilisha. Tulia.

Akageuka. Akasema amevutiwa sana. Nikavimba. Akasema ana swali moja tu. Huyu mzee asiyefahamika, aliyebeba watoto mabegani, ni nani?

Yule mzee! Sikumbadilisha! Nimehangaika na meno na miavuli, nikamsahau mwenye mabega!

Mkaguzi akasema kwa hesabu yake, kwa kuta hizi mbili tu, bwana huyu amebeba watu ishirini na wawili kwa siku moja, na mmoja ana miaka kumi na tisa. Na wote amewaambia wasisahau. Anastahili nishani. Nikajibu kwamba utafiti unaendelea. Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama dari. Darasa la sita jirani likaanza kuimba jedwali la kuzidisha, kelele mtindo mmoja, na mkaguzi akaenda akafunga mlango.

Akasimama pale. Nikajua anasoma nini. Alisoma mara moja kimya, kisha akatoa pini akaushika ukurasa mkononi akausoma kwa sauti. Alipofika "akaomba maji, akampa" darasa lilikuwa kimya, na si kimya cha usingizi. Tofauti yake naijua, nimeishi na kile kingine miaka ishirini na miwili. Mtoto mmoja wa mbele alikuwa mdomo wazi. Kiranja akauliza, bila kunyoosha mkono, sasa alikuja nani kuwaambia?

Mkaguzi akauliza nani ameandika. Kimya akasimama. Ana sauti, kumbe, na ni nzito. Alisema bibi yake ndiye aliyesema, yeye aliandika tu. Mkaguzi akamuuliza mbona hakuandika kama wenzake. Akasema siku ya mfano alikuwa kliniki na bibi, hakuja shule, kazi aliambiwa tu na mwenzake.

Kisha mkaguzi akauliza nani ametoa tatu kwa kumi.

Nikasema tunatumia mtindo mpya wa kusahihisha, tatu ndiyo ya juu. Naandika haya na masikio bado yana moto.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kazini na mkoba mkubwa wa kutia vitu vyangu. Sikuwa na vitu, nilikuwa na kikombe.

Mwalimu Mkuu akanivutia kiti tena. Nikasema usijisumbue mwanangu, nipe huo ufunguo. Akasema mkaguzi ameandika ripoti. Kwa kuta nne ameandika maneno ambayo yeye Mwalimu Mkuu hatanisomea kwa heshima ya umri wangu. Kwa nyuma ya mlango ameandika kwamba hajasikia historia iliyo hai kama ile kwa miaka mingi. Vipindi vyangu vinabaki muhula mmoja, kwa sharti. Mwisho wa muhula anarudi, na anataka kumsikia bibi yule na wazee wengine kama yeye. Na Mwalimu Mkuu akaongeza la kwake, kwa upole, kwamba niende nikakae nao mwenyewe. Nikae tu, nisikilize. Akasema alipokuwa darasa la saba alinyoosha mkono mwaka mzima kutaka kusema jambo ambalo baba yake alilifanya enzi za kupigania uhuru, nami sikumwona. Nikamuuliza ni jambo gani, la tarehe ngapi. Akasema haidhuru sasa, mwalimu.

Nimepona! Nilitamani kumkumbatia mtu. Ukumbini alikuwepo mwalimu wa jiografia, nikamkwepa.

Saa nane nikaambiwa nina mgeni. Nje ya ofisi amekaa bibi mmoja mdogo wa mwili, fimbo mkononi, ukurasa wa mjukuu wake umekunjwa mara nne. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasema amekuja kuuliza jambo dogo. Kati ya kumi amepewa tatu. Saba zake ziko wapi?

Nikamweleza kuhusu vigezo. Akasikiliza vyote. Akasema sawa, lakini siku ile ilikuwa ya kwake yeye, nami sikuwepo. Akasema huyo mdogo wake alikufa mwezi uliofuata, kwa hiyo hakuna mwingine anayeijua ile nyumba ilivyokuwa ila yeye. Nikasema pole sana. Kweli nilisikia uchungu. Akasema kuna mtu alikuja kuwaambia, siku ya tatu, na hicho kisa ni kirefu. Mwanawe yuko kazini kutwa, mjukuu ana shule na masomo, mchana yeye yuko peke yake na ukuta. Hata Jumapili wanatoka wanamwacha. Akaniambia nije Jumapili saa nane, ataweka chai, nimsikilize. Akanielekeza nyumba, mlango wa kijani, karibu tu na kwangu. Akaongeza kwamba mtu akikaa sana bila kusimulia, mambo yanamkauka kichwani.

Nikamwambia nitakuja. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika mkono.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka mapema, nimepiga pasi shati, nimeng'arisha viatu. Saa nne nilikuwa tayari kabisa. Nikawaza, usiende mikono mitupu mbele ya mzee. Andaa maswali. Mkaguzi anarudi mwisho wa muhula, safari hii hakuna kubahatisha!

Nikaketi nikaandika fomu. Maswali ishirini. Jina la mzee, umri, siku, saa, hali ya hewa, idadi ya watu barabarani. La kumi: nani alikuja siku ya tatu na alisema nini, kwa kifupi. Fomu safi, nimepiga mistari kwa rula.

Nikaitazama nikamwonea huruma. Mzee wa umri ule, maswali ishirini, atachoka. Atachanganya tarehe. Anaweza hata kuanza habari za mbuzi. Basi nikaona nimsaidie kidogo, nikaanza kumjazia majibu. Yale mepesi tu kwanza.

Saa nane ilipita nikiwa swali la nane. Nikasema namaliza hili nakwenda. La kumi lilinishika sana. Nilimleta kijana mmoja mrefu aliyerudi kutoka uwanjani na kipande cha bendera kifuani, akapiga magoti mbele ya yule mdogo mwenye homa, akamfunika nacho. Nililia, nikafuta machozi na mkono wa shati la pasi. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa kumi na moja na robo.

Sasa hivi siwezi tena kwenda, si adabu kuingia kwa watu jioni. Haidhuru! Kesho nitampa Kimya fomu ampelekee. Hana haja ya kuhangaika na chai wala kusimulia. Kila kitu nimemjazia, amebakiwa na kutia sahihi tu. Na Jumanne nitaiandika ubaoni, darasa zima wainakili, tuwe na arobaini kama hiyo kabla mkaguzi hajarudi.

Nimeisoma kwa sauti hapa mezani, mara mbili, tangu jina mpaka hali ya hewa. Hakuna aliyeitikia, ila ni nzuri sana. Nimempa bibi kumi kwa kumi.